Sanduku la Nane la Shimo la Kimondo

Siku hiyo mjinga alikuwa Inspekta mwenyewe, na mpaka leo hakatai.

Saa tatu asubuhi mjiolojia aligundua kuwa sanduku la nane halipo ghalani. Ndani yake mlikuwa na mawe yaliyochorongwa chini kabisa ya shimo lililochimbwa na kimondo enzi za kale, na ndimo alimoona nikeli. Saa nane mchana, mama mwenye shamba la humo shimoni alitakiwa kutia sahihi ya kuliuza. Sanduku lisipopatikana, hakungekuwa na ushahidi wa nikeli, naye angeuza kwa bei ya kokoto.

Inspekta alifika saa nne. Meneja wa kampuni ya utafiti akampokea kwa bashasha.

"Kaa hapa, mkubwa," alisema, akikung'uta gunia lililofunika kitu kama benchi. "Viti vyetu haba."

Inspekta akakaa, akaanza na dereva wa kampuni.

"Gari lako lilitoka saa ngapi?"

"Halijatoka, afande. Betri imekufa tangu jana. Au nililisukuma huku nimebeba sanduku kichwani?"

Akamgeukia mjiolojia. "Nani wa mwisho kulishika sanduku?"

"Mimi. Saa mbili niliyamwagia mawe maji, maana jiwe kavu halisemi kitu. Nikaenda kunywa chai. Kurudi, halipo."

"Basi ni wewe!"

"Nijiibie kazi yangu ya miezi saba?"

Inspekta akaandika daftarini, akafuta, akaandika tena. Geti limefungwa, gari bovu, sanduku zito. Limepaa kilikotoka kimondo? Jasho lilimtoka kila upande, hasa upande wa kukalia.

Saa saba na nusu akasimama kujinyoosha. Mama mwenye shamba, aliyeshafika na kalamu yake, akaangua kicheko.

"Baba, choo kipo pale nyuma! Ungeuliza tu!"

Inspekta akajipapasa. Chapachapa. Akalitazama gunia, nalo limelowa. Akalivuta. Namba nane ikamkodolea macho.

"Kiti hiki alinipa nani?"

Wote wakamtazama meneja.

"Na mnunuzi wa shamba ni shemeji yake," mjiolojia akasema polepole, kama anayeamka usingizini.

"Kwani kosa liko wapi?" meneja akafoka. "Mama, lile ni shimo! Hata mahindi hayashiki. Nilikuwa nakusaidia utoke!"

Mama akafunika kalamu yake.

"Mwanangu, shimoni humo nimeishi miaka arobaini sijatumbukia. Wewe miezi saba tu, umeshafika chini."