Saa za Mgongoni

Fremu ya Kipimamfupa ilishuka polepole kutoka darini ikamzunguka Ambakisye mara tatu, na kila ilipozunguka ilipitisha mwale mwembamba wa buluu kwenye mapaja, nyonga na uti wa mgongo wake. Mtoto alicheka. Alitaka kuukamata ule mwale, akaruka, na kwa kuwa mwezini uzito wa kitu ni sehemu moja tu ya sita ya uzito wake duniani, nusura agonge dari. Mama yake, Bupe, alimdaka mguu akamrudisha kitandani.

"Tulia, baba. Sista anakupima."

Sista Havijawa, muuguzi wa watoto katika mji wa Barafuni, alitabasamu bila kugeuka. Mbele yake kwenye kioo kulikuwa na kadi ya kliniki ya Ambakisye, na kadi hiyo ilikuwa ya kuonyesha wageni. Kukaza shingo, mwezi wa pili. Kukaa bila kushikwa, mwezi wa nne. Kusimama, wa sita. Kutembea, wa nane. Maneno kumi alipotimiza mwaka, la kwanza likiwa "maji", jambo lisiloshangaza katika mji ambao watu wake wote wanaishi kwa kuchimba barafu. Mstari wa kimo ulikuwa umepanda ndani ya njia ya kijani tangu kuzaliwa bila kuyumba hata mara moja.

Kilibaki kipimo kimoja. Mwale wa Kipimamfupa una madhara kwa mtoto mchanga, kwa hiyo mifupa haipimwi mpaka mtoto afikishe miezi kumi na minane. Katika watoto kumi na mmoja waliozaliwa Barafuni, Ambakisye ndiye aliyetangulia kuufikia umri huo. Kipimo hicho ndicho kinachoamua kama mtoto wa mwezini anaweza kuteremka duniani. Akipata alama sitini, anapanda chombo. Chini ya hapo hapandi, maana atakapotua uzito wake utakuwa mara sita ya aliouzoea, na miguu haitaumudu, wala kifua.

Kioo kikaandika thelathini na moja.

Havijawa akapima tena. Thelathini na moja. Akazima mashine, akaiwasha, akampima mtoto kwa mara ya tatu, na mashine ikarudia jibu lake.

"Sista, mbona umenyamaza?" Bupe aliuliza, kisha kikohozi kikamshika akainama.

Kikohozi hicho kila mtu Barafuni alikijua. Bupe alikuwa ameendesha keekee ya kutoboa mwamba mgodini kwa miaka sita, na vumbi la mwezi, ambalo ni kali kama chupa iliyopondwa, lilikuwa limemjaa mapafuni. Daktari hakumficha. Akibaki, ana miezi mitano. Akishuka, kuna hospitali inayoweza kumwotesha mapafu mengine. Alikuwa na kiti katika chombo cha Alhamisi, na mtoto alikuwa na kiti kidogo pembeni yake. Kule Tukuyu alikuwapo mume aliyeteremka mkataba wake ulipokwisha, mimba ikiwa changa, Bupe akabaki kwa kuwa mjamzito haruhusiwi kusafiri. Mwanawe alimjua kwa kumwona kwenye kioo tu.

"Mashine ina wazimu leo," Havijawa alisema.

Hakuwa akidanganya. Aliamini hivyo, kwa sababu kwenye kadi ileile kulikuwa na hesabu nyingine iliyopingana na mashine: saa za Gurudumu la Uzito. Gurudumu hilo ni pipa kubwa kama ukumbi wa harusi, limechimbiwa chini ya mji, nalo huzunguka kwa kasi mpaka aliye ndani yake agandamizwe sakafuni kwa uzito uleule wa duniani. Mfupa usiobebeshwa mzigo hauoni sababu ya kukomaa. Ndiyo maana kila mtoto wa Barafuni hupelekwa humo saa tatu kila siku, na kikuku cha mguuni huzihesabu saa hizo na kuzituma kliniki. Kikuku cha Ambakisye kilikuwa na saa elfu moja mia tano na thelathini. Tangu aanze, akiwa na mwezi mmoja na siku chache, hakukosa hata siku moja, hata alipokuwa na homa.

Havijawa akamwita mtoto wa mpishi, aliyebakiza wiki moja kuufikia umri. Ishirini na tisa. Hapo akaacha kuilaumu mashine.

"Mama Amba," alisema, "twendeni gurudumuni. Fanyeni kama mnavyofanya siku zote. Mimi nitatazama tu."

Alikuwa hajakanyaga humo karibu mwaka na nusu. Kazi gani ingempeleka humo, na saa zote zilikuwa zikija mezani kwake zenyewe, zimepangwa vizuri, kila jioni? Muuguzi mmoja kwa mji mzima hana muda wa kwenda kutazama kitu ambacho kikuku kimeshakiona. Hivyo ndivyo alivyojiambia wakati wanashuka ngazi, na uzito wa duniani ukampokea magotini kama gunia la mahindi.

Wanawake wanane walikuwa humo wakizunguka taratibu, mmoja nyuma ya mwenzake, wakiimba. Kila mmoja alikuwa na mtoto mgongoni, amefungwa kwa kitenge, na watoto karibu wote walikuwa wamelala. Vikuku viliwaka kijani miguuni mwao. Bupe alijitwisha Ambakisye mgongoni, akakaza fundo kifuani, akaingia kwenye mstari.

"Subirini," Havijawa alisema. "Mnawateremsha saa ngapi?"

Wakasimama. Wakatazamana.

"Kuwateremsha wapi, Sista?"

"Chini! Wasimame. Watambae."

"Humu?" Bupe alishangaa. "Si wewe mwenyewe uliyetufundisha? Siku ya kwanza nilimlaza kwenye mkeka, akalia mpaka akawa mweusi, mwili ulikuwa unamwelemea. Nikakuita. Ukasema, kwetu Lindi mtoto haachwi alie kama hana wenyewe, mtie mgongoni atulie, saa zitahesabika vilevile."

Na zilihesabika. Kikuku hakikuulizwa mtoto yuko chini au yuko mgongoni, kiliulizwa yuko ndani ya gurudumu au nje. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na hawa walisikia, tena walisikia vizuri na kufundishana, kila mama mpya alionyeshwa na aliyemtangulia namna ya kukaza fundo. Kwa saa elfu moja na zaidi, aliyebeba uzito alikuwa mama. Mtoto alibembea juu yake, miguu ikining'inia, akapanda tena mjini kwenye wepesi ambako hata mgonjwa hutembea, na huko ndiko Havijawa alikomwekea alama ya kijani kwa kutembea akiwa na miezi minane.

Havijawa aliketi sakafuni. Alitaka kulia lakini aliona hana haki hiyo mbele ya wale wanawake.

Walirudi kliniki wawili peke yao na mtoto. Bupe aliposikia yote alisema kwa sauti ya chini, kama anayeomba chumvi kwa jirani:

"Andika sitini."

"Mama Amba."

"Andika, Sista. Nani atajua? Keshokutwa tumeondoka."

"Nikiandika sitini, watamfunga kwenye kile kiti akiwa mzima, na huko chini baba yake atamfungua akiwa maiti. Moyo wake haujawahi kuusukuma uzito huo ila akiwa amelala mgongoni. Mapaja yatavunjika wakati chombo kinapunguza mwendo, kabla hata hamjatua."

"Basi sishuki."

"Usiposhuka utakufa."

"Nitakufa naye mikononi!"

"Halafu yeye? Miezi mitano, sita, kisha yatima wa miaka miwili katika mji wa wachimbaji, na mifupa ileile." Havijawa alimgeuzia kioo. "Nimeiuliza mashine. Akianza leo kusimama mwenyewe gurudumuni, saa tatu kila siku bila kubebwa, anaweza kufikisha sitini kabla ya kutimiza miaka mitatu. Baada ya hapo haiwezekani tena."

"Anaweza. Kwa kiasi gani?"

Havijawa alitamani kudanganya. "Mara nne katika kumi."

Bupe alikohoa, akajifuta mdomo, akatazama kitambaa, akakikunja haraka.

"Na nani atakaa naye mwaka mzima na nusu? Wale wana wao."

"Mimi."

Bupe alijua, kama wote walivyojua, kwamba Havijawa naye alikuwa na kiti Alhamisi hiyo. Alikuwa ametimiza miaka tisa na miezi saba, na mtu mzima akipitisha miaka kumi mwezini hateremki tena, moyo wake unakuwa umelegea. Dada yake Lindi alikuwa ameshapaka chokaa chumba. Lakini Bupe hakumshukuru. Alimtazama kwa macho makavu.

"Wewe ndiye uliyeniambia nimbebe."

"Ni mimi."

"Nilikuamini kuliko mama yangu. Nilikuwa natoka mgodini siwezi hata kupumua, na bado namweka mgongoni saa tatu kwa sababu yako. Nikiona anasinzia nafurahi. Nakuchukia, Sista."

"Una haki."

"Nakuchukia, na sina mwingine wa kumwachia mwanangu."

Akamvuta Ambakisye, akauficha uso wake shingoni kwa mtoto, na sauti iliyomtoka haikuwa kilio cha kawaida. Mtoto alimpapasa shavu, kisha akaanza kuuchezea mkufu wake. Havijawa alitoka nje akausindika mlango, akasimama ukumbini mpaka alipoitwa.

Siku ya Alhamisi Bupe alimnyonyesha mwanawe kwa mara ya mwisho katika chumba cha kuondokea. Alimweleza Havijawa kwamba halali bila kukunwa mgongo, kwamba uji ukipoa hali, kwamba akisema "tata" anamtaka babaye kwenye kioo. Aliyasema yote mara mbili. Walipomwita jina, alimkabidhi mtoto, akatembea mpaka mlangoni, akarudi akamnusa kichwa, na mhudumu akalazimika kumshika mkono. Ambakisye alimpungia. Alizoea kumpungia kila asubuhi mama akienda mgodini.

Saa nane mchana, chombo kikiwa kimekwisha kuondoka, Havijawa alishuka gurudumuni. Akina mama wengine walikuwa wamekwisha kufika na walikuwa wamewaweka watoto wao chini kwa mara ya kwanza, na kilio chao kilikuwa kikubwa kiasi kwamba hakuna aliyejaribu kuimba. Mmoja alikuwa ameziba masikio. Mwingine alimtazama Havijawa kisha akatema mate pembeni.

Alimlaza Ambakisye kwenye mkeka na kurudi nyuma, mikono ameifunga nyuma yake. Yule mtoto aliyekuwa akikimbia kwenye barabara za Barafuni tangu ana miezi minane hakuweza kuinua kichwa. Alijaribu, shavu likarudi mkekani. Alijaribu tena, akapata kuegemea kiwiko kimoja, uso umejaa machozi na kamasi, akamtafuta mama yake kwa macho kati ya miguu ya watu wote waliokuwamo. Hakumwona. Akamwona Havijawa.

"Bebe," alisema.

Havijawa alitazama saa ya ukutani. Zilikuwa zimepita dakika nne.

"Njoo, Amba. Njoo mwenyewe."

Mtoto alilia, akanyamaza, akaukokota mwili wake shubiri moja juu ya mkeka, akanyoosha mkono mmoja uliokuwa ukitetemeka mpaka vidole vikaligusa vazi la muuguzi.

"Bebe."

Havijawa alirudi nyuma hatua moja.