Mteja wa Kwanza wa Faki

Siku ya mnada wa Mwingi, mbuzi wa watu aliuma pindo la leso ya Tima, leso mpya nyekundu, akaanza kuitafuna hadharani. Kijana mmoja mrefu, amevaa kanzu safi na koti jeusi, akamkaba mbuzi shingo mpaka akaitema.

"Pole, dada. Nitakupa nyingine. Duka lile pale ni langu."

Tima akatazama. "Lile lililofungwa?"

"Nitalifungua."

"Lini?"

Kijana, jina lake Faki, akacheka bila kujibu. Tima akampenda palepale, ingawa mwanamume asiyejibu swali kama hilo ni wa kuogopwa.

Miezi ikapita. "Mpenzi, nikifungua tu, siku hiyohiyo naleta posa," Faki alimwambia kila walipokutana. Rafu zilijaa nguo na chumvi, mizani iling'aa, lakini mlango haukufunguliwa. Baba yake Tima akachoka kungoja. Gabow, mfanyabiashara wa ng'ombe, alikuwa amemposa binti, na alitaka jibu kabla ya kurudi Garissa siku ya Ijumaa.

Ndipo Syokau, muuza vyungu, alipomnong'oneza Tima. "Wewe umelala! Saa sita, jua ikiwa kali, huyo Faki yako anaongea na mtu ndani ya duka. Nimesikia na masikio yangu. Anamwambia, 'Ngoja kidogo tu.'"

Wivu ukampanda Tima. Saa sita hiyo soko lilikuwa kimya, hata kuku hawalii. Akasukuma mlango wa nyuma.

Ndani kulikuwa na baridi ya kusimamisha vinyweleo. Faki alikuwa nyuma ya kaunta, jasho linamtoka, ameshika ncha moja ya kitambaa cha bafta nyeupe. Ncha ya pili ilinyooka hewani, inavutwa, na hakuna aliyeishika. Kwenye vumbi la sakafu nyayo za miguu mitupu zilifika hadi kaunta. Za kurudi hazikuwapo.

"Faki! Nani huyo?"

"Ami Abdulkadir, aliyenipa duka," alisema kwa sauti ndogo. "Nilimwapia kwamba mteja wangu wa kwanza atakuwa yeye. Akafia njia ya Garissa, wakamzika na nguo zake za safari. Sasa anakuja kutaka sanda."

"Si umpe!"

"Nikitoa bure kitu cha kwanza, nimejifungia riziki. Nikimuuzia, duka langu limefunguliwa na sanda, na sanda ndizo nitakazouza maisha yangu yote. Siwezi, Tima."

Tima alikuwa mtoto wa wafanyabiashara. Alijua vizuri kwamba anayenunua kwanza ndiye anayefungua mkono wa duka. Alitamani kukimbia. Lakini alivyomwona Faki amekonda hivyo, aliona aibu kwa kumdhania vibaya. Hapakuwa na mwanamke mwingine, ni woga tu. Akazipita zile nyayo kwa kando, akafungua komeo la mlango wa mbele, jua likaingia. Akaweka senti zake juu ya kaunta.

"Nipimie kitambaa cha harusi. Kile cha waridi."

"Chukua tu, mpenzi wangu."

"Sitaki cha bure! Bei gani?"

Faki akataja bei.

"Mwizi wewe," akasema Tima, machozi yanamlenga. "Punguza."

Akapunguza. Akaweka bafta chini, akapima cha waridi, akakata. Mkasi ulienda mrama, lakini pesa ikaingia sandukuni. Pumzi ya baridi ikampitia Tima shingoni, na bafta ikaanza kuvutwa tena.

"Ami," akasema Faki, sasa kwa sauti kamili, "wa kwanza amekuja, naye yu hai. Nisamehe kiapo changu. Hii sikuuzii. Nakupa."

Bafta ikajikunja yenyewe, taratibu, ikatoka mlangoni, ikapotelea kwenye jua. Tima alimshika Faki mkono kwa nguvu.

Nje, Syokau alijifunika shuka ghafla. "Baridi gani hii imenipita? Kumbe umefungua! Nipee chumvi."

Faki alimgeukia Tima, midomo inamcheza. "Kesho nilete washenga kwa babako?"

"Mpimie mama chumvi yake kwanza," akasema Tima. "Kisha twende kwa baba."