Njia ya Moto Chini ya Kabureta

Kila siku akitoka shule, Tuva alipitia kwa bibi yake, Gunvor, akala mkate wa mdalasini akiwa amesimama, kisha akavaa ovaroli na kuingia gereji. Humo Mjomba Torkel alikuwa akiunda upya injini ya gari la marehemu babu. Lilikuwa gari la Kimarekani, jekundu, refu kupita kiasi, la aina ambayo watu wa Bollnäs, mji wao huko Uswidi, huipenda kuliko nyumba zao. Tangu babu afariki lilikuwa halijatoka uani, na bibi alikuwa ameweka sharti.

"Likinifikisha kwenye moto wa Valborg, linabaki. Lisiponifikisha, yule mtu wa Gävle anayetaka kulinunua aje alichukue. Sitaki kaburi la pili hapa nyumbani."

Valborg ni ile jioni ya mwisho wa Aprili, mji mzima unapowasha moto mkubwa kuiaga baridi. Tuva alikuwa amelelewa kwenye kiti cha nyuma cha gari lile. Wazo la kuliona likivutwa kwenda Gävle lilimkosesha raha.

Gereji ya Torkel ilikuwa na desturi yake. Aliyemaliza kazi alisema "klart", yaani tayari, na hakuna aliyeifungua tena kuikagua. Kukagua kazi ya mtu aliyesema klart ilikuwa sawa na kumwita mwongo usoni.

Siku moja Torkel alilaza manifodi juu ya meza, chini juu. Manifodi ni lile dude zito la chuma linalobeba kabureta na kuigawia injini hewa na petroli.

"Unaona tundu hili?" alisema. "Moshi wa moto wa injini unapita humu, unapasha chuma chini ya kabureta, petroli inageuka mvuke vizuri. Sasa limeziba. Lizibue, halafu ufungue hili bati la chini, utoe kila kilichomo."

"Kwa nini mimi?"

"Mkono wako unaingia. Wangu hauingii hata kwa dawa." Akaenda zake kazini.

Tuva alifungua bati, na mara akatamani asingelifungua. Oili ya miaka mingi ilikuwa imepikwa humo ikachacha, juu ngumu kama ukoko, chini laini kama kamasi. Ilinuka kama kopo la samaki wachachu lililosahauliwa juani. Ndani ya tundu, katikati ya masizi, panya alikuwa amezalia wakati manifodi ilipokuwa rafuni. Palikuwa na manyoya, mavi, na kitoto kimoja kilichokauka kinywa wazi. Tuva alikimbilia mlangoni, akatema mkate wote wa bibi kwenye theluji chafu.

"Mbona umekuwa mweupe kama jibini?" aliuliza Malte, kijana wa jirani, aliyekuwa akipita.

"Njoo unuse mwenyewe."

Malte alinusa mara moja tu, akajibana pua. "Mama yangu! Kwani unasafisha ya nini? Hiyo njia watu wanaiziba. Kwenye boksi la gasketi, zile karatasi za kuzuia kuvuja, kuna vibati viwili, vya kazi hiyo hiyo. Jamaa wa mashindano ya magari kule California wote wanaviweka. Petroli inabaki baridi, injini inapata nguvu. Nimeona kwenye video."

"Na mjomba?"

"Nani atafungua aone? Sema klart, mchezo umekwisha."

Tuva alirudisha bati juu ya uchafu wake, akaliosha kwa nje likameremeta. Manifodi ilipofungwa kwenye injini, yeye ndiye aliyepanga gasketi, na vibati vikaingia kimya kimya.

"Klart," alisema.

"Safi sana," Torkel alijibu, akampiga bega. Hakuangalia.

Jioni ya Valborg kulikuwa na baridi na manyunyu. Bibi Gunvor alitoka amevaa koti lake zuri na hereni za lulu, akaketi mbele kama malkia. Injini iliwaka, ikanguruma, na Torkel akacheka peke yake. Lakini walipokaribia daraja la mto, gari lilianza kukohoa, likazimika katikati ya njia. Liliwashwa, likaenda kidogo, likazimika tena. Nyuma yao honi zilipigwa.

Torkel alifungua boneti. Rejeta ilikuwa ya moto, lakini kabureta ilikuwa imevaa barafu nyeupe. Aliigusa manifodi, akauondoa mkono kwa mshangao. "Baridi kama chupa ya maziwa! Haiwezekani. Njia ya moto ni safi." Alikuna kichwa, kisha akasema polepole, "Basi ni kabureta. Baba ndiye aliyeifunga mara ya mwisho. Labda mikono yake ilikuwa imeshachoka."

Hakumwuliza Tuva hata neno. Si alikuwa amesema klart?

Bibi alitazama mikono yake mwenyewe juu ya mapaja. "Kama ni hivyo," alisema, "mpigie mtu wa Gävle."

Tuva alijiona mchafu kuliko kile kiota cha panya. Kumsingizia babu aliyekufa! "Si babu," alisema. "Ni mimi. Sikusafisha. Niliweka vibati vya kuziba, kama wanavyofanya California."

"California!" Torkel alipaza sauti. "Huko mtu anavaa kaptula mwezi wa Januari! Hapa Bollnäs, kwenye baridi na manyunyu haya, unainyima kabureta moto ili igande?" Kisha sauti ikashuka, na hiyo ndiyo iliyomuuma Tuva. "Uchafu wa panya ningeuvumilia. Kinachonitia kinyaa ni kwamba nilikuamini."

Walivutwa hadi nyumbani na trekta la jirani. Moto waliukosa.

Kesho yake manifodi ililazwa tena mezani. Harufu ilikuwa ile ile, labda mbaya zaidi. "Bibi, nasikia kinyaa," Tuva alisema, machozi yakimlenga. Bibi alimvalisha glavu, akampaka dawa ya mafua chini ya pua, akavuta kiti akaketi karibu. Tuva alikwangua kwa bisibisi na brashi, akaenda nje kutapika, akarudi. Masizi yalitoka vipande vipande mpaka mwanga wa tochi ukapenya upande wa pili.

"Mjomba, naomba uangalie," alisema. Torkel aliingiza tochi, akatazama kwa muda mrefu, akatikisa kichwa kukubali. Vibati alivitupa kwenye pipa mwenyewe.

Gari lilipotoka tena, manyunyu yalikuwa hayajakatika. Walivuka daraja bila kikohozi. Torkel alisimamisha, akafungua boneti na kugusa manifodi. "Ya moto!" alisema. Kabureta ilikuwa kavu.

"Na mtu wa Gävle?" Tuva alimwuliza bibi kwa woga.

"Nitamwambia asije. Gari halikushindwa kunifikisha, wewe ndiye uliyelikwamisha." Bibi aligeuka nyuma. "Sikiliza, mjukuu wangu. Nimekuwa nesi wa wazee maisha yangu yote. Unadhani sikusikia kinyaa? Kila siku. Kuna vidonda vilivyonifanya nitoke nje nikatapike, na wenzangu hawakunicheka. Lakini tulikuwa na nesi mwenzetu mmoja, nadhifu, ananukia sabuni. Alibadilisha bandeji ya juu tu, akasema kidonda amekisafisha. Mzee yule alikatwa mguu. Mpaka leo nikimkumbuka huyo dada natamani kunawa. Ukisikia kinyaa, sema, tutakuletea glavu. Ukidanganya, hatujui hata tukuletee nini."