Swali Lililoachwa Wazi

Walikutana kwenye lifti ya hospitali saa ya kuona wagonjwa, watu wamebanana hata pa kugeukia hapana. Kijana mwenye shati la bluu lililonyooka kwa pasi alimgonga Daktari kiwiko kwa kompyuta yake.

"Pole, dada. Nimekuumiza?"

"Mimi ni daktari wa mishipa ya fahamu. Nikiumia nitajua."

Kijana akacheka, na kicheko kile kikamwingia Daktari moyoni bila hodi.

Fundi, kama Daktari alivyozoea kumwita kijana huyo, ndiye aliyetengeneza programu mpya ya hospitali: unaijazia dalili, inakupangia magonjwa ya kufikiria. Penzi lao lilinoga kwa simu na utani, mpaka alipolazwa msusi wa Daktari, binti aliyemsuka tangu chuoni. Mikono ilimtetemeka, ulimi ukawa mzito. Madaktari wengine walisema ni mawazo tu. Programu nayo ikaleta orodha isiyo na kichwa wala miguu.

"Kimashine chako hakijawahi kumshika mgonjwa mkono!" Daktari alifoka.

"Umeacha maswali wazi, mpenzi. Ukiacha wazi, inajua hujapima."

"Unanifundisha kazi?"

Fundi akafunga kompyuta akaondoka. Simu zikakatika. Daktari alimkosa mno, ila hakuzoea kujishusha.

Lakini mikono ya msusi ndiyo riziki yake. Asubuhi moja Daktari alimeza kiburi, akampima upya na kujaza yote, dalili zilizopo na zisizokuwepo. Ugonjwa wa nadra ukapanda juu: shaba kujilundika mwilini. Chini yake, swali moja: macho yamemulikwa?

Hakuwa ameyamulika. Akampeleka chumba cha macho, na pale kwenye taa, pembezoni mwa jicho, akaiona pete ya kahawia. Vipimo vya damu na mkojo vikathibitisha. Ugonjwa wenyewe una dawa!

Akapiga simu. "Fundi wangu, nilikosea. Njoo uone."

"Niko njiani tangu juzi," akajibiwa.

Miezi baadaye Daktari alisimama mbele ya mkutano wa madaktari kueleza ugonjwa ule, gauni la kijani, nywele zimesukwa na mikono ile ile, mistari imenyooka.

"Nani aliyeugundua?" Mkuu wa idara aliuliza.

"Tuliugundua wawili," alijibu, akimwonyesha Fundi bila kuficha fahari yake.

Mlangoni Fundi akamnong'oneza, "Umeacha swali jingine wazi. Mume: yupo, hayupo?"

"Hujaniuliza, nitajazaje?"

"Nakuuliza. Utakubali nikuoe?"

"Jaza 'yupo'," Daktari alisema kwa sauti iliyowageuza madaktari wote, wala hakuona haya.