Mstari wa Njano

Kila Jumamosi Careen alifagia uwanja, akanywa uji, kisha akaongozana na baba yake, Katekista Amedeus, kutoka nyumbani kwao Mshangano hadi ofisi ya parokia. Leo baba alitembea haraka kuliko kawaida. Vyeti vya kipaimara vilitakiwa kuchapwa mchana, na kesho yake Askofu angefika.

"Tumsifu Yesu Kristo," baba alisema mlangoni.

"Milele amina," alijibu Sista Kunegunda, katibu wa parokia.

"Shikamoo, Sista," Careen aliamkia.

"Marahaba, mwanangu."

Sista alichomeka flashi ya baba kwenye kompyuta, akafungua faili la Excel lenye majina ya watoto themanini na sita wa kipaimara, Careen akiwamo, na wasimamizi wao. Juu ya jedwali ukatokea mstari wa njano: onyo la usalama, makro zimezuiwa.

"Ajabu," alisema Sista. "Jumamosi iliyopita, kabla wasimamizi hawajajazwa, faili hili lilifunguka bila shida. Makro ni maagizo yaliyowekwa ndani ya faili ili kompyuta ijifanyie kazi yenyewe. Nyingine ni za wahuni. Orodha ya majina haizihitaji. Katekista, umeongeza kitu?"

"Hapana, Sista. Ni majina tu."

"Basi nalifuta kabla halijatuharibia kompyuta. Tutaandika upya."

Baba alishika kichwa. Daftari alimoandika majina hayo lilikuwa limelowa mvua wiki ile. Ingembidi azunguke nyumba kwa nyumba kuuliza wasimamizi, na muda huo hakuwa nao.

Careen alisogea mezani. Yeye ndiye aliyechapa majina. Juzi, akitaka yapendeze, alichukua jedwali lenye maua kwenye flashi ya rafiki yake Hilda, akayahamishia humo. Wakati wa kuhifadhi, kompyuta ilimuuliza jambo kuhusu makro. Hakusoma hata neno moja, akabofya tu.

"Sista, naomba usifute," alisema. "Ni mimi." Akaeleza yote.

"Mbona ulinyamaza?" baba aliuliza.

"Niliogopa, baba."

Sista alishusha pumzi. "Afadhali. Sasa najua onyo limetoka wapi." Hakuruhusu makro. Alinakili majina matupu, akayabandika kwenye faili jipya na kulihifadhi kama jedwali la kawaida. Alilifunga, akalifungua tena. Mstari wa njano haukuonekana. Wakahesabu majina, yote themanini na sita yalikuwapo. Baba aliketi, akacheka kama mtu aliyetua gunia la mahindi.

"Careen," alisema Sista, "onyo likitokea, usibofye ili likuondokee. Lisome, na usipolielewa, uliza. Ukikosea, sema mapema. Ukweli wako umemwokoa baba leo. Na Hilda umwambie flashi yake ikaguliwe."

"Nimeelewa, Sista."

Printa ilianza kazi. Careen alipokea vyeti kimoja kimoja, vikiwa bado na joto. Cha arobaini na moja kilikuwa chake. Hakikuwa na ua hata moja, naye alikitazama kwa furaha tele.