Ndege wa Masolwa

Kila siku Apolinaria alipika ugali wa watu wawili. Mmoja alikuwa yeye. Wa pili alikuwa kaburini tangu mvua za mwaka juzi, ila mkono ulikuwa haujapata habari. Ugali uliobaki walikula kuku. Wakanenepa kwa msiba wa watu.

Marehemu mumewe, Masolwa, alifanya kazi stesheni ya Tabora, enzi za Waingereza. Treni ikifika, alipita na nyundo akigonga magurudumu, moja baada ya jingine. Tonk! Gurudumu zima. Likilia vibaya, lina ufa. Nyumbani kwake Ipuli aliacha mke, kiti, na mchungwa alioupanda mwenyewe.

Mchana mmoja wa jua kali, Apolinaria alikuwa akipepeta mtama. Akasikia nyuma ya nyumba: tonk, tonk, tonk, tonk. Akatoka mbio, ungo mkononi.

Hakuna mtu. Juu ya mchungwa alikuwapo ndege mdogo kama kidole gumba, akilia tonk, tonk. Mgongo wake ulikuwa na michirizi myeusi na myeupe, na paji lake lilikuwa la njano.

"Umechelewa kurudi," Apolinaria alimwambia. "Na umekonda."

Tangu siku hiyo akawa na mtu wa kusema naye.

Lakini mchungwa ulianza kukauka. Tawi moja likafa, kisha la pili. Machungwa yakawa madogo kama ndimu. Jirani yake, Veneranda, akachungulia uani.

"Ndege wako anatoboa mti, shoga. Ona tundu lile! Tafuta mtu mwenye manati."

"Nimpige mume wangu manati?"

"Basi chagua. Mti au ndege."

Wiki nzima Apolinaria hakuweza kuchagua. Mti ulikuwa kazi ya mkono wa Masolwa. Ndege alikuwa sauti yake. Hakuwa na kingine.

Ndipo akapita Bwana Shamba, jina lake Yoramu, na baiskeli yake, akikagua miti ya matunda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Nina mgonjwa na mshitakiwa. Mgonjwa ni mti. Mshitakiwa yuko juu yake."

Yoramu akatazama tundu, akacheka. "Huyu hawezi kutoboa mti mbichi, mdomo wake ni mdogo. Hutoboa tawi lililokwisha kufa na kuoza, akataga humo mayai mawili au matatu. Tawi lilikufa kwanza, tundu likaja baadaye."

"Sasa nani ameliua?"

Yoramu akaonyesha kichaka cha kijani kilichoota katikati ya matawi. Majani yake hayakuwa ya mchungwa. "Kirukia hiki. Hakina mizizi ardhini. Kinanyonya maji ya mti."

"Hicho! Shemeji alitaka kukikata, nikamfukuza kwa mwiko. Ndege anapenda matunda yake."

"Na ndiye aliyekipanda. Humeza tunda, kisha hutema mbegu. Mbegu inanata kama ulimbo. Basi hupangusa mdomo kwenye tawi, mbegu ikabaki hapo na kuota."

"Kumbe hajabadilika! Hata zamani alifuta mdomo kwenye pazia langu."

Halafu akalitazama tundu. Akauliza polepole, "Nikikikata, ataondoka?"

"Ana chakula kingine, mama. Hula wadudu, na matunda ya porini kule ng'ambo ya njia ya zamani ya misafara. Tawi kavu lenye tundu tutaliacha, ndiyo nyumba yake. Lakini siwezi kukuapia. Ni ndege."

Apolinaria akatazama upande wa kaburi, ambalo halikuonekana kutoka pale. "Kata," akasema.

Yoramu hakukwanyua kirukia tu. "Ukikwanyua, mizizi inabaki ndani, kitachipua tena." Alikata tawi lenyewe kwa msumeno, shibiri moja chini ya pale kirukia kilipoota. "Kagua kila mwezi. Ukiona kidogo kimeota, kata kabla hakijazaa."

Siku tisa uani palikuwa kimya. Apolinaria alipika ugali wa wawili, hakula hata wake.

Siku ya kumi, jua la saa sita, tonk, tonk, tonk.

"Gurudumu zima," akajibu, na machozi yakamtoka.

Msimu uliofuata mchungwa ulizaa machungwa makubwa kama ngumi. La kwanza alimpelekea Veneranda.

"Mshitakiwa anakusalimu," akamwambia.

Kisha akarudi nyumbani, akapika ugali wa mtu mmoja. Kuku ndio waliolalamika.