Ukurasa wa Namba Moja

Mwanzoni Atuganile alidhani amekosea yeye. Baba mkwe wake alizaa watoto watano, na ndivyo alivyoandika kwenye kompyuta. Lakini asubuhi ile ya Jumatatu ukurasa wa mzee, ule wa namba moja, ulisema sita. Akafuta, akaandika tano, akahifadhi, akaenda kumwaga maji ya vyombo kwenye migomba. Aliporudi, sita.

Kompyuta ilikaa sebuleni, kwenye meza iliyoegemezwa ukutani, hivi kwamba anayeitumia huupa mlango mgongo. Amoni, mume wake, aliinunua baada ya mvua kulowesha vyeti vya nyumba nzima. Alitaka taarifa za ukoo zikae mahali pamoja: nani kazaliwa lini, namba ya kitambulisho, simu, nani analea mtoto gani. Kila mtu alikuwa na namba yake na ukurasa wake, na kila ukurasa ulifungwa kwenye ukurasa wa baba. Atuganile, aliyewahi kusomea uhazili, ndiye aliyeandika na kutunza yote.

Sasa, mke wa Kinyakyusa aliyelelewa vizuri hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake, wala halitaji jina lake. Siku hizi wengi wameacha, lakini nyumba hii ilikuwa bado inashika. Kwa miaka tisa Atuganile alikuwa ameishi ua mmoja na mzee yule bila kuuona uso wake. Alimjua kwa kikohozi. Mzee akitaka kuingia hukohoa mara mbili mlangoni, naye Atuganile hugeukia ukuta, hujifunika kanga, hungoja hadi apite.

Basi siku alipoanza kuandika, alipofika kwenye jina la namba moja, vidole vilikataa. Programu nayo ilikataa kupokea ukurasa usio na jina. Akabonyeza kitufe cha nafasi mara moja, na programu ikaridhika. Mkuu wa ukoo akawa nafasi tupu, na watu thelathini na wanne wakafungwa chini yake. Amoni alisema angeijaza mwenyewe Jumamosi. Jumamosi tatu zikapita. Jumapili iliyofuata, siku moja kabla ya ile sita kutokea, akaja Esnath kutoka Masoko, mke wa Jackson, mdogo wake Amoni. Alinakili kila kitu kwenye flashi ili akajaze upande wao nyumbani kwake.

Jumanne Amoni alimpeleka mzee hospitali ya Igogwe kwa ajili ya mguu, na wote wawili wakabaki huko. Atuganile akabaki na Prisca, binti yake wa miaka mitano.

Siku hiyo hiyo ukurasa wa namba moja uliongezeka tena. Mahali pa makazi paliandikwa: humu. Atuganile akafanya kila alichofundishwa. Akapitisha programu ya kusaka virusi, haikuona kitu. Akafuta kazi yote, akarudisha nakala ya wiki iliyopita. Nakala nayo ilisema sita, na humu. Jumatano akafungua ukurasa wa Prisca, na mahali pa mlezi, alipokuwa ameandika jina lake mwenyewe, palikuwa na tarakimu moja tu. Moja.

Hapo akasikia harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji. Kisha mlangoni, nyuma yake, mtu akakohoa mara mbili.

Mzee ameruhusiwa, alijiambia. Akageuzia uso ukutani, akavuta kanga kichwani. Hatua zikapita taratibu, pamoja na mdundo wa fimbo, na kiti cha mbao kikalia kwa uzito wa mtu.

"Shikamoo, babu," Prisca alisema.

Simu ikatetemeka mezani. Alikuwa Amoni, na Atuganile akamnong'oneza kwamba ingefaa amjulishe kama wanarudi. Amoni akauliza wanarudi wapi.

"Baba yuko hapa kitandani, mama Prisca. Anakunywa uji. Kwani vipi?"

Akaikata simu. Hakuweza kugeuka. Shingo yenye miaka tisa ya heshima haikumtii. Akasimama vile vile, pua karibu na ukuta, hadi kiti kilipolia tena na harufu ikaisha.

"Babu kasema mimi ni mtoto wake wa sita," Prisca akamwambia jioni, huku akila ndizi yake bila wasiwasi wowote.

Alhamisi asubuhi akamwita Fikirini, fundi wa kompyuta wa mjini Tukuyu, mtu wa makamo ambaye babu yake alitoka pwani, na ambaye watu walisema anajua zaidi ya nyaya. Fikirini akafungua mashine, akaipangusa kwa brashi, akaifunga. Kisha akasoma ukurasa wa namba moja, akauliza kwa nini hauna jina. Atuganile akaeleza, macho chini.

"Mashine haiumwi," fundi alisema. "Uliweka kiti cha baba wa nyumba, ukakiacha kitupu. Wapo wasio na kwao, wanazunguka wakitafuta kiti cha namba hiyo."

Akamwomba aandike yeye basi, jina atatajiwa na majirani. Fikirini akatikisa kichwa.

"Kilichokikalia kimekaribishwa na mkono wako, kitatolewa na mdomo wako. Tena ukikitazama."

"Fundi, unataka nirudishwe kwetu."

"Bora urudishwe wewe kuliko achukuliwe mtoto."

Akachoma ubani, akasoma dua hadi nyumba ikatulia, akaaga. Atuganile akakaa mbele ya kompyuta, kidole juu ya herufi ya kwanza. Akajaribu kulitamka jina peke yake. Halikutoka.

Saa tisa alasiri ukungu ukashuka kutoka mlimani, ukaijaza migomba, ukalala dirishani kama shuka. Ubani ukazimika wenyewe. Ikaja ile harufu, kikaja kikohozi, mara mbili, safari hii si mlangoni bali ndani, hatua moja nyuma ya kiti chake, na mwili wake ukafanya ulichozoea, ukageukia ukuta na kuvuta kanga, huku masikio yakisikia fimbo ikigonga sakafu, na nyuma ya fimbo kandambili ndogo za Prisca zikifuata, pa, pa, pa, kuelekea mlangoni ambako hapakuonekana ua wala njia wala mgomba, ila weupe mtupu.

"Mama, babu anasema tunakwenda."

Atuganile akashusha kanga. Akageuka.

Lilikuwapo koti la mzee, alilozoea kulifua. Ilikuwapo fimbo yake, na mkono ulioishika, na mkono mwingine uliomshika mtoto. Na chini ya kofia, pale panapokaa uso, hapakuwa na kitu. Ngozi laini tu, kama ukurasa. Kile kitu kilikuwa kimechukua yale tu aliyoyajua yeye, na uso wa baba mkwe hakuwahi kuujua.

"Ambindwile," alisema. Sauti ilitoka ndogo, kama ya mtoto anayesoma mbele ya darasa. Akarudia kwa nguvu zaidi. "Baba wa nyumba hii ni Ambindwile. Wewe si yeye."

Mkono ukamwachia mtoto. Sakafuni yakabaki maji meusi ya majivu, na Prisca akaanza kulia, kilio cha kawaida cha mtoto aliyeshtuka. Atuganile akambeba, na kwa mkono mmoja akaliandika jina, herufi moja moja. Watoto: tano. Mlezi wa Prisca: Atuganile.

Jumamosi mzee alirudi. Alikohoa mara mbili mlangoni, naye akageukia ukuta, na kwa mara ya kwanza akafurahi kukisikia kile kikohozi. Nyuma yake mzee wa kweli akaketi kwenye kiti cha mbao, akaomba maji.

Ndipo simu ikalia. Alikuwa Esnath, kutoka Masoko, akinong'ona.

"Dada, kwa nini mmemwacha mzee aje huku na mguu ule? Mimi niko ukutani tangu saa nane. Haondoki. Mtoto wangu kapakatwa naye."

Atuganile akakumbuka flashi, na nafasi tupu iliyonakiliwa humo.

"Esnath, nisikilize. Kuna jina itabidi ulitamke. Kisha ugeuke."

Esnath alikuwa binti wa mzee wa kanisa, mshika mila kuliko wote.

"Dada, siwezi."

Na karibu kabisa na simu, mtu akakohoa. Mara mbili.